UNA NINI MKONONI MWAKO?

Hotuba ya Ijumaa kwa Waislamu wa Masisi na Walikale

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Tunamsifu, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na ninyi vijana: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu mahali pa siri na mahali pa wazi.

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja ninalolisikia kila siku, msikitini, sokoni na njiani. Ukimwuliza mtu habari zake, anajibu: "Sheikh, mimi sina kitu." Ni neno la kweli kwa wengi. Mimi nilikuwa kijana mwaka 1993, vita vilipowaka katika soko la Ntoto kule Walikale vikaenea hadi Masisi. Tangu hapo hatujapumzika vizuri. Watu wa Masisi walikimbilia Sake, wakaenda Bulengo na Lushagala, wakalala chini ya mashiti ya plastiki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zile zikavunjwa, wengine wakarudi kwenye vilima na kukuta nyumba imebaki mawe ya msingi. Mwezi wa Machi mwaka huo huo vita vikafika mpaka Walikale mjini, hata mgodi mkubwa wa Bisie ukasimama kwa muda. Basi mtu akisema "sina kitu", mimi siwezi kumwita mwongo.

Lakini nina dhambi moja ya kuungama mbele yenu. Baada ya sala ya Isha alinijia mtu mmoja. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, wote wakaenda kwa siku moja. Akaniambia halali usiku, chakula hakipiti kooni, na watoto wake anawafokea bila sababu. Mimi nikamwambia: "Ndugu yangu, subiri, Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri." Kisha nikafunga mlango, kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Maneno niliyomwambia ni ya haki, lakini niliyatumia kumwondoa mlangoni kwangu.

Aliyemsaidia ni mama mmoja muuza maharagi. Alimwona amekaa kutwa kando ya njia, akamwuliza: "Baba, ulipokuwa na ng'ombe, ni nani aliyekuwa anawazalisha?" Akajibu: "Ni mimi mwenyewe, na hata wa majirani." Yule mama akamwambia: "Basi ng'ombe wako wamekwenda, lakini mkono uliowazalisha umebaki." Siku chache baadaye akampeleka kwa mtu aliyekuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Leo wanamwita kilima hiki na kile. Hajanunua ng'ombe hata mmoja. Lakini usiku analala.

Mimi nimesoma chuo tangu utoto, nimehifadhi, nimefundisha, na bado sikuuliza swali lililoulizwa na mama wa sokoni. Nilipotafakari, nikaona swali lile limo katika dini yetu tangu zamani, ila sisi tunalisoma bila kulitumia.

Swali aliloulizwa Musa

Nabii Musa (a.s.) alifika bonde la Tuwa akiwa mkimbizi. Alikuwa amekimbia Misri kwa kuogopa kuuawa, akachunga mbuzi wa watu kwa miaka mingi, sasa anasafiri na jamaa yake usiku wa baridi akitafuta moto. Mwenyezi Mungu akamsemesha. Na katika Surat Ta-Ha, aya ya 17, tunajifunza kwamba alimwuliza ana kitu gani katika mkono wake wa kulia.

Mwenyezi Mungu anajua kila kitu. Hakuuliza ili ajue, aliuliza ili Musa aangalie. Musa akajibu kwamba ni fimbo yake, anaiegemea, na anawaangushia mbuzi wake majani. Fimbo ya mchungaji, kama hizi tunazoziona kila siku katika malisho ya Mushaki! Kwa fimbo hiyo hiyo alisimama mbele ya Firauni, na kwa fimbo hiyo hiyo bahari ilipasuka. Hakupewa upanga mpya. Alipewa kazi kwa kile alichokuwa nacho.

Na Musa huyo alijua pia alichokosa. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 34, aliomba apelekwe pamoja na ndugu yake Harun, kwa sababu Harun alikuwa na ulimi mwepesi kuliko yeye. Kujua nguvu zako ni akili. Kujua udhaifu wako na kutafuta wa kukusaidia, hiyo pia ni akili, wala si aibu.

Mtu wa tandiko na bakuli

Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja wa Answari alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akiomba msaada. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu. Akasema kipo: nguo moja nzito, nusu wanaivaa na nusu wanaitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavishika kwa mkono wake mwenyewe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akaomba anayeongeza, mwingine akatoa mbili. Akampa yule mtu dirhamu zote mbili: moja anunue chakula cha jamaa yake, nyingine anunue shoka alilete. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwagiza aende akakate kuni auze, asimwone kwa siku kumi na tano. Yule mtu akarudi na dirhamu kumi, amenunua nguo na chakula.

Ndugu zangu, tuitazame hadithi hii polepole, maana ndani yake mna mambo manne.

La kwanza, Mtume hakuanza na alichokosa yule mtu, alianza na alichonacho. Nguo kuukuu na bakuli. Mwenyewe hakuvihesabu kuwa mali.

La pili, dirhamu ya kwanza ilikuwa ya chakula. Mtu mwenye njaa hafundishwi kujitegemea kabla hajala. Wanaotoa mawaidha mbele ya watoto wenye njaa na kuondoka mikono mitupu, wasidai kwamba wanafuata hadithi hii.

La tatu, Mtume alitia mpini kwa mkono wake. Hakusema "jitahidi" akageuka. Alishika kazi pamoja naye mpaka chombo kikawa tayari.

La nne, aliweka siku: kumi na tano. Mtu alijua kwamba kuna siku atarudi kueleza. Wengi wetu tuna nia nzuri, lakini hatuna siku, wala hatuna wa kumrudia. Nia bila siku inalala mpaka mwaka unakwisha.

Na mwisho wa hadithi Mtume alifundisha kwamba kuomba kunafaa kwa watu watatu: aliyefikwa na ufukara wa kugaragara mavumbini, mwenye deni zito, na mwenye dia inayomwumiza. Basi wewe uliyekula unga wa msaada kambini usione haya. Ulikuwa katika watu wa haki hiyo. Aibu ni kwa aliyejiandikisha mara tatu na ana duka.

Wala mtu asitoke hapa akasema, "Imamu ametutuma tukakate miti." Vilima vya Masisi vimekwisha kuwa upara, na mvua ikinyesha udongo unashuka na nyumba. Shoka lako leo laweza kuwa sindano, kalamu, chikudu, jembe, au mkono unaojua kuzalisha ng'ombe.

Aya isiyofaa kugeuzwa fimbo

Wengi tunaijua aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wabadilishe yaliyomo katika nafsi zao. Ni aya kubwa, lakini nimesikia inatumiwa vibaya. Mtu anamwambia mama aliyechomewa nyumba: "Ni kwa sababu ninyi hamjabadilika." Haya si maneno ya haki. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 42, tumefundishwa kwamba lawama iko juu ya wanaodhulumu watu. Aliyechoma nyumba ndiye mwenye dhambi ya nyumba. Aliyebaka ndiye mwenye aibu ya kubaka.

Aya ya Ar-Ra'd haisemi kwamba msiba wako umeuleta wewe. Inakuambia kwamba ndani yako kuna sehemu ambayo hakuna mwenye bunduki aliyepewa funguo zake. Hukuchagua kukimbia, lakini unachagua kama utampiga mkeo kwa hasira ya kukimbia. Hukuchagua kupoteza shamba, lakini unachagua kama franga ya leo itaingia kwenye kanyanga au kwenye chumvi na sabuni. Ni hapo ndipo tunaambiwa tuanze.

Alichonacho mtu wa kwetu

Abdurahman bin Auf (r.a.) alifika Madina akiwa mkimbizi aliyeacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kianswari, Saad bin Rabii, akamkaribisha nusu ya mali yake. Abdurahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Bukhari amepokea kwamba siku ile alirudi na jibini kavu na samli. Ndugu zangu wa Masisi, mmesikia alianza na nini? Jibini! Hii fromaji tunayoijua sisi, inayoshuka kutoka vilimani mpaka Goma, mtu mmoja wa peponi alianza nayo akiwa hana kitu. Hakuwa na duka, lakini alijua kuuza na kununua, na ujuzi ule hakuna aliyeweza kumnyang'anya mpakani.

Basi hebu kila mmoja ajitazame. Kuna aliyejifunza kuzalisha, kushona, kutengeneza chikudu, kujenga. Wa Walikale kuna anayejua kukamua mawese na kuvua samaki katika mto Lowa. Kuna ambaye ufundi wake ni maneno: watu wakigombania mpaka wa shamba, yeye akikaa katikati wanatulia. Hicho ni kipawa kikubwa katika nchi hii, pengine kuliko vyote. Kuna mama ambaye likirimba la wanawake kumi haliibiwi kwa sababu sanduku linakaa kwake. Uaminifu wake ni mtaji. Kuna kijana mwenye nguvu na ujasiri. Nguvu hizo hizo ndizo wenye makundi ya silaha wanazozitafuta. Wao wanakuja na kumwambia, "Wewe ni shujaa, tunakuhitaji." Na sisi katika msikiti tunamwambia nini? "Vijana wa siku hizi mmeharibika." Mnashangaa anafuata nani?

Vijana wangu, sitawaambia kwamba machimbo ni haramu. Watu wengi wanakula kwa koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Walikale. Lakini jiulize: ujuzi unaoupata humo utabaki nawe shimo likifungwa? Na pesa ya Jumamosi inafika Jumatatu?

Halafu kuna mwili. Salman (r.a.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardai, akamkuta anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, mkewe hana hata hamu ya kujipamba. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamfundisha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na jamaa wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), naye akasema Salman amesema kweli. Usingizi ni haki ya mwili. Fufu na sombe kwa wakati, maji safi, kuoga, kutembea, kukaa na wenzako baada ya sala: hayo yote ni katika kuitunza amana. Na anayekunywa kasiksi au kanyanga ili alale, ajue kwamba anakopa usingizi na riba yake inalipwa na watoto.

Nasema maneno yangu haya, namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, nani atakuwa wa kuuliza swali hili na kusikiliza jibu? Mwalimu wetu katika jambo hili ni mama yetu Khadija (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipotoka pango la Hira mara ya kwanza, alirudi nyumbani moyo wake unatetemeka, akaomba afunikwe. Bukhari ametupokelea alivyofanya Khadija. Kwanza alimfunika, mpaka hofu ikamtoka. Hakumwuliza maswali akiwa anatetemeka. Pili akamsikiliza alipoeleza. Tatu akamkumbusha mema yake mwenyewe, moja baada ya jingine: anaunga udugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anamsaidia asiye na kitu, anakirimu wageni. Hakumsifu uongo, alimtajia yale aliyoyaona kwa macho yake. Nne, akampeleka kwa Waraka bin Naufal, mtu aliyejua zaidi kuliko yeye.

Kufunika, kusikiliza, kukumbusha mema, kupeleka kwa mjuzi. Mambo hayo manne yanatosha kumfanya kila mmoja wetu awe mshauri wa jirani yake.

Na wenye elimu ya dunia nao wameona faida yake. Mwaka 2013 ulichapishwa Marekani uchunguzi uliofanywa huku kwetu Kivu, kwa akina mama waliotendewa ubaya wa kubakwa. Katika vijiji vingine walikutana kwa vikundi na washauri Wakongomani, wakijifunza kuyapima mawazo yanayowahukumu ndani yao. Katika vijiji vingine walisaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Wote walipata nafuu. Lakini baada ya miezi 6, waliobaki na huzuni nzito au hofu ya kiwango cha ugonjwa walikuwa 9 kati ya 100 katika vikundi, na 42 kati ya 100 kwa wale wengine. Tena washauri wale hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa hapa waliosoma miaka michache ya sekondari, wakafundishwa vizuri na kufuatiliwa.

Nalisema hili kwa sababu hatujasahau Luvungi. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, Walikale, walihesabiwa watu wasiopungua 387 waliobakwa, wengi wao wanawake, na pia wasichana, wanaume na wavulana. Wako waliofukuzwa na waume zao. Mwanamume aliyemfukuza mkewe kwa dhambi ya mtu mwingine, na atafute toba leo kabla ya kutafuta chakula.

Anayesikiliza achunge mambo matatu. Siri ni amana. Neno uliloambiwa mkekani lisifike sokoni. Usikimbilie kutoa fatuwa mtu akiwa analia. Na usijifanye mganga: mtu akisema anataka kujiua, au haongei, au anasikia sauti, mpeleke kituo cha afya. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria. Jihadharini pia na wale wanaouza hirizi za bahati na wanaotoza pesa kwa kukuambia jirani gani amekuroga. Huyo hakuulizi una nini mkononi, ila anataka kukichukua.

Basi kazi yetu ni hii, nayo ni ya siku kumi na tano, kwa kumfuata Mtume (s.a.w.).

Leo kabla ya Magharibi, chagua mtu mmoja unayemwamini, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Mkae. Yeye akuulize maneno matatu, kisha wewe umwulize yeye: Una nini mkononi? Utaanza na kitu gani kimoja? Tutaonana siku gani? Kitu kimoja tu, kidogo: kulala bila pombe, kurudisha mtoto chuoni, kufuga kuku wawili, kuomba radhi kwa mkeo, kuingia katika likirimba. Ijumaa ya tatu kuanzia leo, mkutane tena. Aliyeshindwa asitukanwe, aulizwe upya.

Na sisi tulio na nafasi, tusisahau dirhamu ya kwanza. Baada ya sala, kila mwenye uwezo alete kikombe kimoja cha maharagi au unga kwa wazee wa msikiti, ili anayeulizwa swali awe amekula. Na fundi yeyote mwenye chombo kilicholala nyumbani, panga, jembe, cherehani, akitie mpini na kumwazima mwenzake.

Yule mtu wa ng'ombe kumi na mmoja, mimi nimekwenda kumwomba radhi. Alicheka, akasema: "Sheikh, ile siku ulikuwa na usingizi." Ni kweli. Mwenyezi Mungu aniamshe mimi na ninyi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe ulichotupa kabla hatujalilia usichotupa. Ewe Mola, waponye waliojeruhiwa miili na nyoyo, warudishe waliopotea, wahifadhi watoto wetu na bunduki. Ewe Mola, ipe Masisi amani, ipe Walikale amani, ipe Kongo yote amani. Utusamehe sisi, wazazi wetu na walimu wetu waliotutangulia. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.

*Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Usiitupe ovyo wala kufungia karanga. Ukimaliza kusoma, mpe jirani, na asiyejua kusoma msomee.*